Timbo la Bamburi limeota msitu. Msitu huo ni wa nani?

*Zaidi ya miaka 50 tangu mivinje ya kwanza ipandwe kwenye sakafu ya machimbo ya saruji, Haller Park ya Mombasa bado inatajwa kila panapozungumzwa uponyaji wa ardhi iliyochoshwa na kiwanda. Lakini kuiponya ardhi ni kazi moja, na kuifanya ya umma ni kazi nyingine.*

Saa ya kulisha twiga ikikaribia, jukwaa la Haller Park hujaa. Watoto wa shule walioshuka kwenye mabasi husukumana wapate nafasi ukingoni, kila mmoja na punje za chakula kiganjani. Twiga anainamisha shingo, ulimi wake mrefu mweusi unazoa punje zote mara moja, mtoto anapiga ukelele na kufuta mate kwenye sare ya mwenzake. Mwalimu anacheka huku akitafuta simu apige picha.

Katika shamrashamra hiyo ni rahisi kusahau kwamba wote wamesimama ndani ya shimo.

Atakayemwacha twiga akatazama pembezoni, miti inapokoma, ataona ukuta wa mawe ya matumbawe uliokatwa wima. Ukingo wa juu wa ukuta ule ndio uliokuwa uso wa ardhi. Kilichokuwa kati ya ukingo huo na viatu vya wageni kilichimbwa, kikasagwa, kikachomwa tanuruni na kutiwa mifukoni. Leo kimo ndani ya nguzo na kuta za majumba ya Mombasa, Nairobi na kwingineko.

Haller Park iko Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kando ya barabara kuu ya Malindi. Kwa mgeni wa siku moja ni mahali pa kuona kiboko, kobe na mamba. Kwa wanaopanga miji ni jambo zito zaidi: jibu lililokwisha kujaribiwa kwa swali linaloinyemelea miji yetu mingi.

Swali lenyewe ni hili. Kiwanda kikishamaliza kazi na kuacha shimo, vyuma au udongo wenye sumu, mahali hapo pafanywe nini? Machimbo ya Wazo jijini Dar es Salaam, ambako saruji inatengenezwa tangu miaka ya 1960, yatafikia siku hiyo. Ya Athi River, nje kidogo ya Nairobi, yatafikia pia. Wengi wakiulizwa hujibu haraka: pafanywe bustani ya umma. Bamburi inaonyesha jinsi jibu hilo linavyowezekana, na pia mahali linapokwama.

Sakafu isiyoota hata jani

Kampuni ya saruji ya Bamburi ilianzishwa mwaka 1951, na kiwanda kikaanza kuzalisha mwaka 1954. Malighafi ilikuwa mlangoni. Mwambao huu umekalia matumbawe ya kale, mabaki ya miamba iliyokuwa hai zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa. Mawe hayo ni chokaa tupu. Yakisagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa kwa joto la kiasi cha nyuzi 1,450, hutoka klinka, ambayo ikisagwa tena huwa saruji.

Uchimbaji wa aina hii hauachi handaki jembamba. Huondoa ngozi yote ya ardhi, ukienda mbele mita kwa mita na kuacha nyuma uwanda mweupe. Miti ilikwisha kung'olewa na udongo wa juu ulikwisha kuondoka. Kilichobaki ni mwamba, vumbi la chokaa, jua linalopiga na kurudi machoni, na madimbwi ya maji yenye chumvi chumvi pale wachimbaji walipokaribia usawa wa maji ya chini.

Kipindi hicho Kenya haikuwa na sheria kuu ya mazingira. Hiyo ilikuja mwaka 1999. Machimbo yalipokwisha, kawaida ilikuwa kuhamia upande wa pili na kuyaacha yalivyo.

Mwaka 1971 kazi ya kuotesha kitu kwenye uwanda huo ilianza chini ya René Haller, Mswisi mtaalamu wa bustani na kilimo cha nchi za joto. Alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya kahawa Tanganyika kabla ya kuajiriwa Bamburi mwaka 1959. Hapo awali aliajiriwa kutunza bustani za kampuni na kuzalisha mboga. Sasa alikabidhiwa jangwa.

Aina 26, zikabaki tatu

Anayetengeneza bustani mjini huanza na karatasi: njia ipite hapa, benchi likae pale, maua yazunguke mnara. Bamburi hakukuwa na nafasi ya karatasi. Kabla ya kuulizwa njia ipite wapi, ilibidi ardhi yenyewe iulizwe inakubali nini.

Haller na vibarua wake walichimba vishimo kwenye mwamba, wakavitia udongo kidogo na kupanda aina 26 za miti, kila aina kwa matumaini yake. Mingi ilikauka. Aina tatu tu ndizo zilizohimili: mnazi, ambao mtu wa pwani hashangai kuuona popote, damasi, mti wa Somalia uliozoea ukame na chumvi, na mvinje.

Mvinje ndio uliobeba kazi yote. Wakazi wa pwani wanaujua kwa boriti, fito na kuni, na kwa mvumo wake upepo wa kusi unapopita. Haustushwi na chumvi, na hukua upesi. Lakini siri yake iko chini. Kwenye mizizi yake kuna vinundu vidogo vya rangi ya udongo, na ndani ya vinundu hivyo wanaishi bakteria waitwao Frankia, wanaochukua naitrojeni hewani na kuigeuza chakula cha mti. Maana yake ni kwamba mvinje unaweza kuishi pasipo na mbolea wala rutuba, kwa sababu unajipikia.

> Kabla ya kuulizwa njia ipite wapi, ilibidi ardhi yenyewe iulizwe inakubali nini.

Miaka michache baadaye uwanda ulikuwa na kivuli. Kwa mpiga picha kazi ilikuwa imekwisha. Kwa mtu wa miti, tatizo lilikuwa linaanza.

Jongoo aingia kazini

Majani ya mvinje ni sindano nyembamba, na yalikuwa yanaanguka kwa wingi. Yalianguka, yakakaa. Hayakuoza. Yamejaa tanini, kemikali kali ambayo wadudu na kuvu wengi hawaivumilii. Sakafu ya msitu ikawa na zulia kavu la rangi ya kutu, na chini ya zulia mwamba ukabaki mwamba. Msitu ambao majani yake hayaozi haujitengenezei udongo; unasubiri kufa mti mmoja mmoja.

Mkombozi alikuwa jongoo. Si jongoo wa ajabu aliyeletwa kutoka mbali, bali yule yule mweusi mwenye miguu myekundu ambaye watoto wa pwani humgusa kwa kijiti wakati wa mvua ili ajikunje. Haller alimkuta akizitafuna sindano za mvinje bila shida. Jongoo kwa mamia wakakusanywa na kuachiwa chini ya miti.

Kazi yao haionekani mpaka mtu ainame. Ukifunua zulia la sindano mahali penye jongoo, juu utakuta zilizo nzima, chini yake vipande, na chini zaidi punje nyeusi za kinyesi zinazoshikana na unyevu. Punje hizo ndizo mboji. Bakteria walioshindwa na sindano nzima wanaziweza sindano zilizopita tumboni mwa jongoo. Mwaka hadi mwaka mboji ikafikia kina cha sentimita kadhaa, mbegu zilizodondoshwa na ndege zikapata pa kushika, na vitalu vikaanza kutoa miche ya miti ya asili ya pwani.

Hapo ndipo mpangilio wa bustani ulipoanza kujichora. Palipokuwa na madimbwi pakachimbwa mabwawa ya perege. Maji ya mabwawa, yenye uchafu wa samaki, yakapelekwa kwenye mimea ili yasafishwe na kuirutubisha. Wakaja mamba. Wakaja viboko, ambao kinyesi chao hulisha uhai wa majini, na wanyama wala majani wa kupunguza nyasi. Kila kiumbe aliingia akiwa na kazi ya kufanya, si kwa ajili ya kutazamwa tu. Kampuni tanzu ya Baobab Farm ikawa msimamizi wa shughuli hizo.

Njia za kutembea zilifuata nyuma ya yote hayo. Wananchi walifunguliwa mlango mwaka 1984, miaka 13 baada ya miche ya kwanza. Mwaka 1987 Haller alitambuliwa na Umoja wa Mataifa kwa tuzo ya Global 500, na baadaye bustani ikapewa jina lake.

Dunia nzima iliisikia Haller Park baada ya Desemba 2004. Mtoto wa kiboko aliyepotezana na wenzake aliokolewa baharini Malindi baada ya tsunami, akaletwa Bamburi na kupewa jina la Owen. Humo akamng'ang'ania kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra aitwaye Mzee, wakala na kulala pamoja. Picha zao zilizunguka magazetini kote, na vitabu vya watoto vikaandikwa. Waliowapenda Owen na Mzee hawakuwa na sababu ya kujua kwamba bwawa walimoogelea ni kovu la kiwanda.

KWA UFUPI

- 1951 – Kampuni ya saruji ya Bamburi yaanzishwa. Uzalishaji waanza 1954.
- 1971 – Upandaji wa miti waanza kwenye machimbo yaliyokwisha.
- 1984 – Wananchi waruhusiwa kuingia.
- 1987 – Haller apata tuzo ya Global 500.
- 2004 – Owen aletwa kutoka Malindi.
- 2024 – Amsons ya Tanzania yakamilisha ununuzi wa Bamburi Cement.

Njaa si sumu

Kabla mtu hajaibeba habari ya Bamburi na kuipandikiza kwingine, kuna tofauti moja ya kuangalia. Mwamba wa Bamburi ulikuwa na njaa. Haukuwa na sumu. Matumbawe yaliyochimbwa ni mawe safi yasiyo na rutuba, na njaa huponywa kwa kulishwa. Maeneo mengi ya viwanda yana ugonjwa mwingine kabisa.

Seattle, nchini Marekani, wanaujua ugonjwa huo. Kando ya ziwa Union kulikuwa na kiwanda kilichotengeneza gesi kwa makaa ya mawe, na baadaye kwa mafuta, kuanzia 1906 hadi 1956. Kilipofungwa kiliacha minara ya chuma na udongo uliolowa lami. Jiji lilikubali kulinunua eneo mwaka 1962. Mbunifu Richard Haag alishangaza wengi alipopendekeza minara isibomolewe, iwe kitovu cha bustani. Badala ya kuhamisha udongo wote, alichanganya humo tope la majitaka na maranda ya mbao ili bakteria wapate nguvu ya kuula uchafu wa mafuta. Vifusi vikarundikwa pamoja vikawa kilima ambacho leo watu hurushia tiara.

Gas Works Park ilifunguliwa 1975 na kusifiwa duniani. Mwaka 1984 ikafungwa kwa muda baada ya vipimo kuonyesha kemikali hatari bado zimo, na usafishaji umeendelea kwa awamu. Sehemu ya minara ingali nyuma ya uzio. Mtoto anacheza kwenye nyasi, lakini chini ya nyasi kuna kazi isiyokwisha.

Mombasa haihitaji kwenda Seattle kutafuta mfano. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha risasi kutoka kwenye betri kuukuu kilifanya kazi hadi 2014 na kuacha madini hayo kwenye udongo wa makazi na damuni mwa watoto. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliirejesha fidia hiyo. Risasi hailiwi na jongoo wala haiozeshwi na bakteria. Mahali pa aina hiyo, kupanda miti na kuita watoto waje kucheza kabla ya kupima udongo ni kuongeza dhara juu ya dhara.

> Mwamba wa Bamburi ulikuwa na njaa. Maeneo mengi ya viwanda yana ugonjwa mwingine kabisa.

Wanaosifu na wanaohoji

Hata kwa Bamburi yenyewe, sifa si za kila mtu.

La kwanza ni mvinje. Si mti wa asili ya hapa. Kwao ni Asia ya Kusini-Mashariki, Australia na visiwa vya Pasifiki. Wapo wapenzi wa misitu wanaouliza kwa nini machimbo ya pwani yasirudishiwe miti ya pwani tangu mwanzo, miti ya aina inayopatikana kwenye makaya ya Wamijikenda, misitu mitakatifu ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Wanaoitetea Bamburi hujibu kwamba miti hiyo isingeishi juu ya mwamba mtupu. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mvinje ulitangulia, ukatengeneza udongo na kivuli, na miti ya asili ikafuata kwa mamia ya aina. Ushahidi uko upande wao, mradi tu mgeni asigeuke mwenyeji. Msitu wa mvinje usiopunguzwa na kupandiwa mingine hubaki shamba la boriti.

La pili ni wanyama. Twiga hakuishi juu ya mwamba ule kabla ya kiwanda, na kobe wa Aldabra kwao ni Ushelisheli. Kwa baadhi ya watu, hapo bustani imevuka mpaka ikawa maonyesho ya wanyama. Wengine wanaona bila twiga na kiboko mabasi ya shule yasingekuja, na bila mabasi hayo watoto wa mjini wasingejua mboji ni nini.

La tatu ni zito zaidi. Utengenezaji wa saruji huchangia kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ukaa yote inayotolewa na binadamu duniani. Wakosoaji husema msitu mmoja mzuri kando ya barabara ya watalii ni rahisi kuupiga picha kuliko moshi wa tanuru na machimbo mapya yanayofunguliwa kwingine. Hoja hiyo haiifuti kazi iliyofanyika Bamburi. Inaiweka kwenye kipimo chake: msitu unaponya shimo, haulipi deni la tanuru.

Lango

Hoja ya nne ndiyo inayogusa neno "umma", na ndiyo isiyozungumzwa sana.

Haller Park si mali ya Kaunti ya Mombasa wala ya serikali kuu. Ni ya kampuni. Ina lango na kiingilio. Familia ya watu sita kutoka Kisauni au Mishomoroni, ikishalipa matatu ya kwenda na kurudi, hufanya hesabu mara mbili kabla ya kulipia lango. Siku ya Idi au Krismasi, mwendo mfupi tu kutoka hapo, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wenyeji huuita Pirates, hufurika hadi mchanga hauonekani. Hapo hakuna kiingilio. Watu hao hao wangependa kivuli pia.

Upande wa wenye bustani una jibu, na si jibu jepesi. Kiboko hula kila siku. Kuna daktari wa mifugo wa kulipwa, kuna walinzi, kuna mabwawa ya kusafisha. Bustani zisizo na kiingilio katika miji yetu zina historia ya kusikitisha. Nairobi iliwahi kuiona Michuki Park, kando ya mto na karibu na gereji za Grogan, ikisafishwa, ikaachwa ikaoza, kisha ikasafishwa upya mwaka 2020. Anayelipia lango, wanasema, ndiye anayemlipa mtu wa kushika fagio.

Lakini hoja ya gharama haijibu hoja ya umiliki. Bamburi Cement ilipita mikononi mwa kundi la Lafarge la Ufaransa, likaungana na Holcim ya Uswisi, na Desemba 2024 Amsons ya Tanzania ikakamilisha kuinunua. Hakuna haja ya kumshuku mmiliki yeyote kati ya hao ili kuona ubovu wa mpangilio wenyewe. Msitu uliojengwa kwa nusu karne, ambao shule zimeuzoea na vitabu vya watoto vimeutaja, hatima yake inakaa kwenye meza ya bodi ya kampuni ya saruji. Na ardhi inayouzunguka haikai bure. Bamburi ya leo si kijiji. Ni maduka, hoteli na nyumba za ghorofa kuelekea Mtwapa. Ekari moja ya kivuli hapo ina wanunuzi.

> Hatima ya msitu wa nusu karne inakaa kwenye meza ya bodi ya kampuni ya saruji.

Duisburg walivyopitia katikati

Kati ya lango la kulipia na bustani iliyotelekezwa kuna njia, na imekwisha kupitwa.

Duisburg, katika bonde la Ruhr nchini Ujerumani, kulikuwa na kiwanda cha Thyssen cha kuyeyusha chuma kilichofungwa mwaka 1985. Wakazi waliungana kupinga kubomolewa kwake. Ardhi ikawa ya umma, shindano la ubunifu likafanyika, na Peter Latz na wenzake wakalishinda mwaka 1991. Bustani ilianza kufunguliwa mwaka 1994, na ina ukubwa wa hekta 180 hivi.

Latz hakuificha historia. Tanuru limebaki limesimama, na watu hulipanda hadi juu kutazama mji. Kuta nene za maghala ya madini zimekuwa mahali pa kufanyia mazoezi ya kukwea milima. Tangi la gesi limejazwa maji, kiasi cha mita za ujazo 20,000, na wazamiaji hujifunzia humo. Mfereji uliokuwa ukibeba majitaka wazi wazi sasa hubeba maji ya mvua yaliyosafishwa, na majitaka yanapita chini kwa bomba. Udongo wenye sumu kali ulizikwa ndani ya maghala ya zege na kufunikwa.

Kuhusu lango, Duisburg walichagua hivi: kuingia ni bure, mchana na usiku. Kinacholipiwa ni huduma, kama kuzamia, kuongozwa na kukodi kumbi za zamani za mitambo kwa maonyesho na muziki. Anayetaka kutembea chini ya miti na mtoto wake halipi kitu. Anayetaka zaidi analipa, na fedha hiyo husaidia kutunza mahali.

Kuhamishia mpango huo Mombasa si suala la kunakili. Wanyama ni gharama ambayo Duisburg hawana. Hata hivyo hakuna kinachozuia kutenganisha sehemu mbili: eneo la wanyama libaki na kiingilio, na njia za msituni, ambazo hazihitaji kulishwa kila siku, zifunguliwe kwa bei ambayo familia ya Kisauni inaimudu, au bure kwa siku fulani za wiki.

Sheria inaruhusu nini

Tofauti na mwaka 1971, mchimbaji wa leo hana hiari. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 inamtaka aweke dhamana ya mazingira na airudishe ardhi kwenye hali salama akimaliza. Tanzania nayo ina matakwa ya dhamana ya ukarabati kwa wenye leseni kubwa za uchimbaji. Fedha hizo ni za kufukia, kusawazisha na kuotesha. Kumfungulia mwananchi lango ni jambo jingine.

Kwa lango, chombo kimo kwenye sheria ile ile ya mazingira ya mwaka 1999, ingawa hutumika kwa nadra. Inaruhusu mahakama kuweka haki ya mazingira juu ya kipande cha ardhi: sharti linaloandikishwa, linaloifuata ardhi hata ikibadili mmiliki, na linaloweza kudumu milele. Mmiliki anabaki na hati yake. Ila hawezi kukata msitu akajenga fleti, wala mnunuzi wake hawezi.

Kwa Haller Park hatua hiyo ingekuwa na faida kwa pande zote. Kampuni ingehifadhi sifa iliyojengwa kwa miongo mitano bila kupoteza mali. Kaunti ingepata uhakika wa msitu ambao haina fedha za kuununua. Na ingekuwa kigezo kwa machimbo mengine ya pwani, ambako kampuni hupanda miti na kupiga picha siku ya mazingira, bila mtu kuuliza miti hiyo itakuwa ya nani baada ya miaka 30.

Wakati mzuri wa kuuliza ni kabla ya leseni, si baada ya shimo. Mpango wa kufunga machimbo unapowasilishwa kwa mamlaka ya mazingira, wananchi wana haki ya kuusoma na kutoa maoni. Kwa kawaida kikao hujadili vumbi, mitetemo ya baruti na ajira za vijana, na ni haki kujadiliwa. Mambo matatu yaongezwe kwenye ajenda: udongo utapimwa na nani na matokeo yatabandikwa wapi, miti ya mwanzo itapisha lini miti ya asili, na siku mchimbaji akiondoka, hati ya ardhi itakuwa kwa nani na lango litafunguliwa kwa masharti gani.

Bamburi walijibu maswali mawili ya kwanza kwa vitendo, kabla sheria haijawalazimisha, na kwa uhodari ambao wanafunzi wa mazingira wataendelea kuusoma. La tatu halikuulizwa mwaka 1971 kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba pangeota kitu cha kugombaniwa. Sasa pameota. Ofisi ya ardhi ya kaunti na wamiliki wapya hawana sababu ya kungoja mnunuzi mwingine abishe hodi ndipo wakae mezani.